Mahandaki ya 1974 hadi 1981: zamu, mienge na hazina viliendeshwaje mezani?

Kandili_Kavu:

Wakuu, salaam. Kundi la watu watano linaandaa mchezo wa mahandaki (wahusika wa kubuni, dadu, na refa anayesimulia handaki) kwa kanuni za kale za Dungeons & Dragons. Mezani kuna kijitabu cha Basic cha 1981, kile kilichohaririwa na Tom Moldvay, na vile vijitabu vitatu vya 1974 kwa marejeo. Moduli iliyochaguliwa, yaani kijitabu cha handaki lililoandaliwa tayari, ni B2, The Keep on the Borderlands (herufi na namba ni alama ya moduli).

Kusoma kumesomwa, ila kuna mambo hayajakaa sawa. Kwanza hii hesabu ya dakika kumi kumi: ina kazi gani hasa, au inaweza kurukwa tu? Halafu orki mmoja (dubwana la kawaida la handakini) ana pointi 10 za uzoefu wakati mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya pili. Watu watano watapanda lini? Mwizi wa ngazi ya kwanza ana asilimia 10 ya kugundua mtego, sasa mitego inagunduliwaje? La mwisho: B2 haina hata jina la mkuu wa ngome, lakini enzi ile inasifiwa kana kwamba nyuma ya kila mlango kulikuwa na bahari ya hadithi. Hizo hadithi zilikuwa wapi?

---

Refa_wa_Zamu:

Usiiruke hiyo zamu, mkuu. Maswali yako mawili ya kwanza ni swali moja, na jibu lake liko kwenye karatasi ya kuhesabia muda.

Zamu moja ni dakika 10 ndani ya handaki. Mwenge unawaka zamu 6. Chupa moja ya mafuta kwenye kandili inakwenda zamu 24. Kila zamu 6, moja ni ya kupumzika. Kwa kanuni za 1981, kila zamu ya pili refa anarusha dadu ya pande 6, na ikitoka 1 madubwana wazururaji wanatokea. (Kwa vijitabu vya 1974 dadu inarushwa kila zamu na 6 ndiyo mbaya, maana yake hatari ni maradufu. Chagua mojawapo ushikamane nayo.)

Sasa weka kundi ndani. Aliyevaa bamba zima la chuma anakwenda futi 60 kwa zamu, na kundi linakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma kuliko wote. Pango lililo futi 300 kutoka mlangoni linafikiwa kwa zamu 5, ongeza ya kupumzika, ni 6: mwenge wa kwanza umekwisha na dadu ya wazururaji imerushwa mara 3. Uwezekano wa kukutana na kitu kabla hata hamjafika ni asilimia 42. Hapo hamjapekua chumba. Kupekua eneo la futi 10 kwa 10 kunamgharimu mtu mmoja zamu nzima. Chumba cha futi 30 kwa 30 ni maeneo tisa, kwa hiyo watu watano wanakimaliza kwa zamu mbili, tena kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 6 tu ya kuona mlango wa siri uliopo kwenye eneo lake (mhusika wa jamii ya elfi ana 2). Refa anarusha hizo dadu kwa siri. Wachezaji wakiambiwa "hamjaona kitu" hawajui kama hakuna kitu au bahati ndiyo haikuwepo, na hapo ndipo wanapoanza kubishana: turudie au tuondoke? Ubishi huo ndio mchezo wenyewe. Bila zamu hakuna ubishi, watapekua kila ukuta hadi wachoke.

Njoo kwenye pointi. Kwa orki peke yake, mpiganaji mmoja angehitaji kuua 200, na kwa kuwa pointi zinagawanywa kwa walionusurika, watu watano wangehitaji kama 1,000. Hakuna handaki la namna hiyo. Pointi zinatoka kwenye hazina: sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa nje salama ni pointi moja ya uzoefu. Kuua ni nyongeza ndogo, na mara nyingi ni hasara. Wazururaji ndio wabaya kuliko wote, kwa sababu kwa kawaida hawabebi cha maana na wanakula pointi za uhai ambazo mlizihitaji kwa ajili ya aliyelalia sanduku.

Angalizo moja kwa kuwa una vitabu vyote viwili: vijitabu vya 1974 vinatoa pointi 100 kwa kila ngazi ya dubwana aliyeuawa. Kijitabu cha nyongeza cha 1975, Greyhawk, kilikata hesabu hiyo kikaiita ya upuuzi, na namba za 1981 zinafuata mkato huo. Ukichanganya pointi za 1974 na hazina za B2, kundi litapanda kabla halijajifunza kitu.

Kisha uzito. Wengi hawaupi nafasi, wakati ndio unaounganisha hazina na mwenge. Kila kitu kinapimwa kwa sarafu. Bamba zima ni 500, ngao 100, upanga 60, vitu vidogo vidogo kwa jumla 80. Huyo mpiganaji ana 740 tayari, na mpaka wa mwendo wa futi 60 ni 800. Akiongeza sarafu 61 anashuka hadi futi 30 kwa zamu, na mwisho wa kubeba ni 1,600. Zile futi 300 sasa ni zamu 10 na moja ya kupumzika, dadu ya wazururaji mara 5, karibu asilimia 60 ya kukutana na kitu mkiwa mmelemewa na mienge inaisha. Makundi mengi hufa hapo, njiani kurudi.

Ndiyo maana shaba ni mtego usiohitaji fundi. Sarafu 2,000 za shaba zina uzito uleule wa 2,000 za dhahabu, ila kwa kanuni za 1981 thamani yake ni dhahabu 20. Gunia kubwa linachukua sarafu 600. Weka shaba nyingi kwenye chumba cha kwanza uone nani anaibeba.

Kwa vitendo: chukua karatasi, chora safu ya visanduku 6, safu nane. Kila kisanduku cha pili andika W (wazururaji), cha sita andika P (pumziko) na ufute mwenge mmoja. Kila kitendo cha kundi kinafuta kisanduku. Pambano lolote, hata likiwa la raundi tatu za sekunde kumi kumi, lihesabu kama zamu nzima, maana watu watafuta panga, watafunga majeraha na kuokota mishale. Karatasi hiyo iwe mbele ya kila mtu mezani. Ikifichwa nyuma ya kiwambo wachezaji wataona dadu ya wazururaji kama uonevu wa refa.

---

Mchora_Miraba:

Naongezea kwenye mitego na ramani, kwa kuwa mkuu hapo juu amegusa pembeni.

Mitego ya enzi ile iligunduliwa kwa kuuliza na kwa upondo wa futi 10. Asilimia za mwizi zinahusu vidude vidogo: sindano yenye sumu kwenye kufuli, waya ndani ya kasha. Shimo lililofunikwa kwenye ujia si kazi ya mwizi. Mchezaji akisema "nagonga sakafu kwa upondo kabla ya kukanyaga," refa haombi dadu ya ustadi, anasema kinachosikika. Mtego wenyewe pia hauna hakika: anayekanyaga anauamsha kwa 1 au 2 kwenye dadu ya pande 6. Kwa hiyo wa kwanza na wa pili wanaweza kupita salama, wa tatu akazama na mwenge wake. Marefa wapya husahau hilo wakamwangusha wa mbele kila mara, na wachezaji wakijua hivyo wanamtanguliza kibarua.

Mwanzo mpiganaji ana sarafu 3d6 (jumla ya dadu tatu za pande 6) mara 10, wastani wake 105. Mgawanyo unaofaa: bamba 60, ngao 10, upanga 10. Zimebaki 25. Mkoba wa mgongoni 5, chakula cha wiki 5, kiberiti cha jiwe na chuma 3, magunia makubwa mawili 4, nyundo 2, misumari 12 ya chuma 1, kamba ya futi 50 sarafu 1, upondo 1, mienge sita 1. Jumla 103. Mbili zilizobaki nunua chupa ya mafuta. Mafuta yakirushwa na kuwashwa yanaumiza 1d8 kwa raundi mbili, silaha kali kuliko nyingi za ngazi ya kwanza.

Misumari watu huiona ya urembo. Kwa kanuni za 1974 milango ya handaki hujifunga yenyewe, wahusika wanaisukuma kwa shida, ila kwa madubwana inafunguka yenyewe. Msumari unaweka mlango wazi ili njia ya kutorokea isifungwe, lakini dadu ikitoka 5 au 6 msumari unateleza na mlango unajifunga. Hii kanuni ni katili na ni nzuri. Ukiitumia, kila mlango uliopitwa unageuka deni.

Ramani: mraba mmoja ni futi 10, refa anasema vipimo, mchezaji mmoja anachora. Makosa yanayorudiwa ni matatu hivi. Refa anasema "ujia unakwenda futi 40" bila kusema kama anahesabu kutoka mlangoni au kutoka katikati ya chumba, na ramani inahama mraba mmoja hadi mwisho wa kikao. Au anaeleza vyumba vya mshazari kwa namba. Vyumba hivyo mchoree tu kwa mkono wako, usipoteze robo saa. Na la tatu ni la kuanza kusema samani kabla ya umbo. Shika mpangilio huu: umbo na vipimo, kisha njia za kutokea kwa kufuata kaskazini, kisha kinachosogea, mwisho vitu.

Ramani ikikosea kwa sababu handaki limewadanganya, hiyo ni halali. Mteremko usiohisiwa unaowashusha tabaka moja, mlango unaofunguka upande mmoja, chumba kinachowahamisha bila wao kujua, vyote ni silaha dhidi ya mchora ramani. Katika B2 mapango ya minotauri yana uchawi unaovuruga mwelekeo makusudi. Hapo acha kabisa kutoa vipimo sahihi, na usiwaeleze kwa nini.

---

Dadu_Mbili:

Nitofautiane kidogo na Refa_wa_Zamu aliposema wazururaji wanakula pointi za uhai. Wanakula pale refa anapofikiri kila kukutana ni vita.

Kanuni za 1981 zinataka dadu mbili za mapokezi madubwana wanapoonekana, isipokuwa mwandishi wa moduli ameamua vingine. Jumla ya 2 ndiyo pekee inayoleta shambulio la papo hapo, yaani nafasi 1 kati ya 36. Kuanzia 3 hadi 5 wana uhasama na huenda wakashambulia. 6 hadi 8 hawajaamua, na hiyo ni nafasi 16 kati ya 36, kubwa kuliko zote. 9 hadi 11 hawashambulii, wanaondoka au wanasikiliza mnachotaka. 12 ni marafiki kabisa. Haiba ya anayezungumza inaongeza au kupunguza, ndiyo maana ya kuwa na msemaji wa kundi. Mkirusha dadu hii kwa uaminifu, sehemu kubwa ya orki mtakaokutana nao watauliza maswali kwanza.

Ya pili ni dadu ya ari. Dubwana ana namba, refa anarusha 2d6, ikizidi namba hiyo wanakimbia au wanajisalimisha. Irushe wa kwanza wao anapokufa, na tena nusu yao wakiwa wameanguka. Koboldi wana 6: mmoja akifa, kuna asilimia 58 ya kundi zima kutawanyika. Akiwepo chifu wao namba inapanda hadi 8, kwa hiyo mlengeni chifu. Refa asiyetumia ari anaendesha kanuni ngumu mara mbili ya zilivyoandikwa, kisha analalamika kuwa wahusika wa pointi 4 za uhai hawaishi.

Na mkikimbia nyie: tupeni kitu. Chakula kwa wasio na akili, hazina kwa wenye akili. Dadu ikitoka 1 hadi 3 wanasimama kuokota. Kufukuzwa kunafaa kuchezwa taratibu, kona kwa kona, maana mchora ramani hachori akikimbia.

Uchawi wa usingizi usiupoteze kwa wazururaji. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana tabano moja kwa siku, hili linalaza 2d8 ya ngazi za madubwana bila kujinusuru. Kasisi wa ngazi ya kwanza hana tabano hata moja, kazi yake siku hizo ni kufukuza mifupa na mizuka.

---

Tabaka_la_Tisa:

Nijibu la hadithi, kwa sababu wengi hulitafuta mahali ambapo halipo.

Boksi la 1974, nakala 1,000 za kwanza, dola 10, halikuwa na ulimwengu ndani yake. Lilikuwa na zana za refa kutengeneza wa kwake. Michezo miwili iliyozaa zana hizo ilikuwapo tayari: Blackmoor ya Dave Arneson huko Minnesota kuanzia 1971, yenye mahandaki chini ya kasri, na Greyhawk ya Gary Gygax huko Lake Geneva, Wisconsin, iliyoanza baada ya Arneson kwenda kumwonyesha mchezo wake mwishoni mwa 1972. Kilichoitwa baadaye historia ya Greyhawk kwa sehemu kubwa ni mabaki ya vikao. Mtu alicheza, jina likabaki kwenye tabano au kwenye kasri, na miaka ikapita ndipo likaandikiwa nasaba.

Majina yenyewe yanaonyesha. Tenser ni herufi za Ernest zilizochanganywa, na Ernest ni mtoto wa Gygax aliyecheza mhusika huyo. Drawmij ni Jim Ward kinyumenyume. Melf alipewa jina kutokana na maandishi ya kwenye karatasi ya mhusika, herufi M ya jinsia na neno la elfi. Vecna ni herufi za Vance, mwandishi ambaye mfumo wa kukariri tabano na kulisahau likishatumika ulichukuliwa kwake. Zagyg, mchawi mwehu aliyejenga kasri la Greyhawk, ni Gygax aliyegeuzwa. Robilar alikuwa mhusika wa Rob Kuntz, naye alisifika kwa kushuka matabaka peke yake hadi chini kabisa. Ulimwengu huo haukuchapishwa kama kitabu cha kujitegemea hadi 1980.

Madubwana nao ni hivyohivyo. Mla-kutu, dubu-bundi na buleti walitokana na vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyonunuliwa kwa ajili ya meza; mtu alikishika kinyago kisichofanana na mnyama yeyote, akaamua kinafanya nini. Mla-kutu ni kazi safi kabisa ya kubuni: hana madhara kwa mwili, anaharibu bamba la dhahabu 60. Mchemraba wa ute una upana wa futi 10 kwa sababu ujia una upana wa futi 10. Mdudu anayeingia sikioni alikuwepo kwa ajili ya wale wanaosikiliza kila mlango. Ukiona dubwana la ajabu katika kitabu cha 1977, usitafute ngano aliyotoka, jiulize ni tabia gani ya wachezaji aliyetumwa kuiadhibu.

Kisa cha kwanza cha mchezo kuchapishwa, Temple of the Frog, kilikuwa ndani ya nyongeza ya Blackmoor ya 1975, na ndani yake kuna vifaa kutoka nje ya dunia. Watu wanaoshangaa meli ya anga katika S3, Expedition to the Barrier Peaks ya 1980, hawajui kuwa handaki na teknolojia vilikuwa pamoja tangu mwanzo. Moduli ya kwanza kuuzwa peke yake haikuwa hata ya TSR, kampuni iliyochapisha mchezo wenyewe. Ni Palace of the Vampire Queen ya Wee Warriors, 1976. TSR walianza 1978 na majitu: G1, G2, G3.

Hizo G ndizo mfano bora wa hadithi inayotoka ndani ya handaki. Majitu ya vilimani, ya barafu na ya moto yanashambulia watu, nani anayaongoza? Hakuna anayewaambia wachezaji. Dalili zimetawanywa ndani ya makao yenyewe, na ni kwenye G3 ndipo drow wanajitokeza, elfi weusi ambao kitabu cha madubwana cha 1977 kiliwataja kwa mistari michache kama uvumi. Kutoka hapo D1 hadi D3 zinashuka hadi mji wa Erelhei-Cinlu. Kundi linaloua kila mtu na kuchoma kila karatasi linaweza kumaliza G3 bila kujua lolote.

Onyo kuhusu moduli za mashindano. S1, Tomb of Horrors, iliendeshwa kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975 kabla ya kuchapishwa 1978. Majitu, S1, C1 na mfululizo wa A zilitengenezwa kwa vikundi vyenye saa chache, wahusika waliotengenezwa tayari, na alama za kulinganisha. Ule uso wa kijani wa S1 wenye kinywa kinachofuta chochote kinachoingia ni mzuri pale ambapo kufa kunamaanisha alama zako zimeishia hapo. Kuuweka kwenye mchezo wa miezi mingi, kwa wahusika waliopandishwa kwa shida, ni kuua meza. S1 isikupe picha ya jinsi handaki la kawaida lilivyokuwa. B1, B2 na T1 zinakaribia zaidi.

Kama mnataka kujifunza kutengeneza handaki, tangulizeni B1, In Search of the Unknown ya Mike Carr. Ngome ya Quasqueton ya Rogahn na Zelligar ina vyumba vilivyoelezwa, lakini nafasi za dubwana na hazina zimeachwa wazi, na nyuma kuna orodha za kuchagua. Chumba cha madimbwi 14 pekee kinafaa kusomwa na kila refa: moja linaponya, jingine ni asidi, jingine mvinyo, jingine linaleta usingizi, jingine linaondoa sauti. Hakuna cha kupigana nacho, na kundi linaweza kukaa hapo saa nzima likijaribu kwa fimbo, kwa panya, kwa kibarua.

Kujaza vyumba kwa mikono, jedwali la 1981 ni dadu moja: 1 au 2 dubwana, 3 mtego, 4 kitu maalumu, 5 au 6 kitupu. Hazina ipo mara 3 kati ya 6 penye dubwana, 2 penye mtego, 1 penye utupu. Usiondoe vile vyumba vitupu. Bila hivyo, kelele za pambano moja zinaamsha tabaka lote, na wachezaji hawana pa kujificha wala pa kufunga mlango kwa msumari.

---

Kandili_Kavu:

Wakuu, asanteni, karatasi ya visanduku imeshachorwa. Swali la nyongeza: B2 yenyewe. Mapango yote yamepangana kwenye bonde moja, A hadi K. Nini kinazuia kundi kusafisha moja baada ya jingine kwa mpangilio? Na tetesi za mwanzo, zote ziwe kweli?

---

Tabaka_la_Tisa:

Zisiwe kweli zote, na jedwali lenyewe linaonyesha ipi ya uongo. Iliyo maarufu ni ile isemayo "Bree-yark" ni kigoblini cha "tunasalimu amri". Ni ukelele wa kuitana. Katika pango D goblini wakishtuka wanapiga ukelele huo, na wawili wanakimbilia mlango wa siri kumtupia zimwi wa pango E gunia la sarafu 250 ili aje kuwasaidia. Kundi lililoamini tetesi linashusha silaha wakati zimwi anakuja. Toa tetesi kwa kurusha dadu, mchezaji mmoja mmoja, kwa karatasi ndogo za siri, ili wabishane wenyewe ipi ya kuamini.

Mkuu wa ngome hana jina kwa makusudi, naye kasisi mgeni mwenye urafiki pale ngomeni msome vizuri kabla ya kikao cha kwanza. Mpe kila mmoja jina na kitu kimoja anachokitaka, inatosha.

---

Refa_wa_Zamu:

Kuhusu kusafisha kwa mpangilio, moduli ina majibu yake, ila yako kwenye maelezo ya jumla kabla ya vyumba na watu huyaruka. Makabila yana urafiki na uhasama kati yao, hivyo shambulio kwa mmoja linabadilisha wengine: wapo watakaoungana na wapo watakaofurahi. Waliovamiwa wanajifunza, wanaongeza walinzi na kuweka mitego mlikopitia. Pango lililosafishwa linakaa tupu wiki 1 hadi 4, kisha walionusurika wanarudi au mwingine anahamia.

Kwa hiyo kundi likitoka kwenda kuponya majeraha, usiweke alama ya vifo tu. Andika pembeni ya kila herufi vitu vitatu: wamebaki wangapi, wanajua nini kuhusu kundi, na wamebadilisha nini. Kuponya kwa kupumzika ni pointi 1 hadi 3 kwa siku nzima, hivyo kundi lililojeruhiwa vibaya linawapa siku kadhaa. Dakika tano za refa kati ya vikao zinatosha kufanya bonde lile lisibaki lilelile.

Mkiona wanaelekea K kabla ya ngazi ya pili, waacheni. Ila mwenge wa sita ukiwashwa wakiwa humo, uhesabiwe kwa sauti.